Si kila goti linalouma limeishiwa ute

Ingia duka lolote la dawa Dar es Salaam, iwe Manzese, Mbagala au Gongo la Mboto, sema goti linakuuma. Mara nyingi utatoka na vitu viwili: vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki na maelezo kwamba ute umeisha. Bega likiuma, diklofenaki. Nyonga, diklofenaki. Kisigino, hiyo hiyo. Ukirudi nyumbani jirani naye ana lake: hiyo ni baridi yabisi, kula bamia kwa wingi, nenda ukachanjwe chale. Wote wanakutakia heri. Lakini maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja, na tiba inayomponya huyu inaweza kumuumiza yule. Lipo goti linalotaka kupumzishwa, lipo linalotaka mazoezi, na lipo linalotakiwa kufika hospitali leo hii, kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana kabla ya kuulizia dawa inafaa kujua kwanza ni kitu gani hasa kinachouma.

Kiungo kina vitu vingi. Ncha za mifupa inayokutana zimefunikwa na gegedu laini. Zimezungukwa na mfuko ambao utando wake wa ndani ndio unaotengeneza ule ute maarufu. Nje ya mfuko huo kuna misuli na kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa. Na kila mahali ambapo kano hupita juu ya mfupa, au ngozi hukandamizwa kwenye mfupa, kuna vifuko vidogo bapa vyenye majimaji kidogo sana ya kuteleza. Vifuko hivyo huitwa bursa, na mwilini vipo takriban 150. Kazi ya bursa ni kama ya ngata inayowekwa kati ya ndoo na utosi: mzigo unabaki palepale, ila kilicho chini yake hakichubuki.

Bursa ikikandamizwa au kusuguliwa kupita kiasi huvimba, hujaa maji na kuuma. Hiyo ndiyo bursitisi. Haihusu gegedu kusagika wala ute kuisha. Kinyume chake, hapo maji yamezidi.

Kazi zetu na vifuko hivi

Jiji hili limejaa kazi zinazotengeneza bursitisi, na ninashangaa kwamba ugonjwa huu hautajwi zaidi. Fundi vigae anashinda amepiga magoti juu ya zege. Dada wa kazi anapiga deki sebule nzima kwa tambara, magoti sakafuni. Wote wawili wanaikandamiza bursa iliyo mbele ya pia ya goti, na siku moja wanakuta uvimbe laini, unaobonyea, umekaa juu ya pia yenyewe. Fundi rangi anayesukuma roli darini kutwa nzima, konda wa daladala aliyening'inia kwenye bomba tangu alfajiri, kuli wa Kariakoo anayepandisha magunia begani: hao wanaumia bursa ya bega, iliyobanwa kati ya mfupa wa juu na kano zinazoinua mkono. Dereva anayeegemeza kiwiko dirishani, na mwanafunzi anayekiegemeza mezani usiku kucha, wanaweza kuota uvimbe kwenye ncha ya kiwiko. Fundi cherehani aliyekalia kigoda kigumu anaumia bursa iliyo chini ya mfupa wa makalio. Aliyenunua viatu vya mtumba vyenye ukingo mgumu nyuma anaumia kisigino, pale kano kubwa inaposhika mfupa.

Umri nao una sehemu yake, na vilevile kuanguka au kugongwa. Wakati mwingine bursa huwaka kwa sababu ya ugonjwa mwingine, kama jongo (gauti) au kisukari. Lakini kwa watu wengi chanzo ni kitu kimoja kinachorudiwa kila siku, nacho kinaonekana kwa macho iwapo mtu ataulizwa: "Unafanya kazi gani, na unaifanyaje?" Swali hilo mara nyingi haliulizwi, kwenye foleni ndefu za asubuhi.

Kutofautisha

Zipo dalili unazoweza kuzichunguza mwenyewe kabla ya kuonana na daktari. Hazichukui nafasi yake, ila zitakusaidia kumweleza vizuri.

Tazama kwanza uvimbe umekaa wapi. Kwenye goti, bursitisi ya mbele huvimba juu ya pia, na goti lenyewe kwa kawaida linaendelea kukunjika. Maji yakiwa ndani ya kiungo, uvimbe huzunguka pia yote na kupanda juu yake, na kukunja kunakuwa kugumu. Kisha bonyeza. Bursa iliyowaka huuma mahali pamoja unapoweza kupaonesha kwa kidole, wakati maumivu ya gegedu iliyochakaa huwa ya ndani na yaliyoenea.

Bega lina kipimo chake kizuri. Inua mkono kwa upande, polepole. Kama unauma zaidi unapopita usawa wa katikati na kupungua ukifika juu kabisa, shuku bursa au kano zake. Sasa mwombe mtu auinue huo mkono wakati wewe umelegea. Akiweza kuufikisha juu ilhali wewe ulishindwa kwa maumivu, kiungo chenyewe kina nafuu. Naye akikwama palepale ulipokwama wewe, hilo huenda ni bega lililoganda, tatizo linalowapata zaidi wenye kisukari, na tiba yake ni ndefu zaidi. Mtu mwenye bega la namna hiyo ambaye hajawahi kupima sukari apime.

Wagonjwa wengi hutaka eksirei kwanza. Eksirei huonesha mifupa, lakini bursa haionekani vizuri humo. Kipimo kinachoionesha vyema ni ultrasaundi. Tena eksirei ya goti la mtu wa miaka 60 mara nyingi itaonesha uchakavu wa aina fulani, hata kwa asiyeumwa kitu, kwa hiyo picha peke yake isiwe hukumu.

Tiba ya bursitisi

Habari njema ni kwamba bursitisi nyingi hupoa ndani ya wiki chache bila sindano wala kisu, mradi kile kilichoiwasha kiondolewe. Hapo ndipo pagumu kwa mtu anayelipwa kwa siku. Simwambii fundi vigae akae nyumbani mwezi mzima wakati watoto wanasubiri unga. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuacha kazi na kuacha kulikandamiza goti: kazi za kusimama azichukue yeye, za kupiga magoti apewe mwenzake kwa wiki mbili au tatu.

Siku mbili tatu za mwanzo, wakati pamevimba na pana joto, baridi ndiyo dawa. Chukua barafu, izungushie kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Usiigusishe kwenye ngozi moja kwa moja. Sisi wa pwani tumezoea kukanda kwa maji ya moto, na maji ya moto yana nafasi yake: kwenye kiungo kilichokakamaa, kisicho na uvimbe mpya, asubuhi kabla ya mazoezi. Kwenye uvimbe unaowaka yanauongeza. Na tafadhali usikubali kuchuliwa hapo. Kuchua bursa iliyovimba ni kuendeleza msuguano uleule ulioileta.

Bega lisifungwe kwa kitambaa cha kuning'iniza mkono muda mrefu, kwa sababu hukakamaa upesi. Baada ya siku chache inama, uache mkono uning'inie na kubembea taratibu kama dakika mbili, mara kadhaa kwa siku, huku ukiongeza mwendo kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha wengi, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Ibuprofeni au diklofenaki hupunguza na uvimbe pia, kwa muda mfupi na baada ya chakula. Ile ya kupaka, jeli ya diklofenaki, haitumiwi kadiri inavyostahili: hufanya kazi vizuri kwenye viungo vilivyo karibu na ngozi kama goti, na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu.

Isipopoa, daktari anaweza kuvuta maji kwa sindano. Mtaani husemwa kwamba ukishanyonywa maji mara moja yatarudi maisha yote. Yanarudi, ndiyo, ikiwa umerudi kupiga magoti zegeni wiki ileile. Maji hayo yakipelekwa maabara hueleza mengi: kama kuna wadudu, kama kuna chembe za jongo. Anaweza pia kuchoma sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ndani ya bursa. Husaidia, lakini haichomwi penye maambukizi, wala ndani ya kano kubwa ya kisigino kwa kuwa inaweza kukatika, na mahali pamoja kwa kawaida haizidishwi mara tatu au nne kwa mwaka. Mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda siku chache baada ya sindano. Upasuaji wa kuondoa bursa upo, kwa wachache sana.

Nyonga inahitaji neno la peke yake, kwa sababu inawasumbua sana wanawake wa miaka 40 hadi 60. Maumivu yapo ubavuni mwa paja, na usiku huwezi kulalia upande huo. Kwa miaka mingi yaliitwa bursitisi, lakini sasa inajulikana kwamba mara nyingi tatizo kubwa ni kano za misuli ya makalio zilizochoka, na bursa inafuata tu. Utafiti uliofanyika Australia kwa watu 204, ukachapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ, ulilinganisha makundi matatu. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 77 kati ya waliofundishwa mazoezi na namna ya kuutumia mwili, asilimia 58 kati ya waliochomwa steroidi, na asilimia 29 kati ya walioambiwa wasubiri tu. Mafunzo yenyewe hayana gharama kubwa: usisimame umeegemea mguu mmoja, usikae umekunja nne, ukilala weka mto kati ya magoti, na uimarishe misuli ya makalio kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, kisha kuinua kiuno taratibu. Mama anayembeba mtoto kiunoni upande mmoja kila siku abadilishe upande, au ambebe mgongoni.

Lisilongoja kesho

Bursa za goti na kiwiko zipo chini tu ya ngozi, kwa hiyo mchubuko mdogo unaweza kuingiza bakteria, hasa stafilokoka. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu au imeiva na kung'aa, pana moto mkali, una homa au kuna usaha, hiyo si ya kukanda. Inahitaji antibayotiki, na pengine kuvutwa usaha. Hatari zaidi ni maambukizi yakiwa ndani ya kiungo chenyewe: hapo kila mwendo, hata mdogo, hauvumiliki, na gegedu inaweza kuharibika ndani ya siku chache. Mtoto mwenye homa anayekataa ghafla kukanyaga mguu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kama ana selimundu asisubirishwe hata kidogo, kwa sababu maambukizi ya mifupa na viungo huwaandama zaidi watoto hawa na hufanana na maumivu yao ya kawaida.

Hapa ndipo ninapopinga chale kwa nguvu zangu zote. Kukata ngozi juu ya bursa iliyovimba, tena kwa wembe ambao hujui umemkata nani kabla yako, ni kufungulia mlango bakteria na virusi. Na mwenye kisukari, VVU au anayetumia steroidi ana hatari maradufu.

Magonjwa yanayojificha chini ya jina moja

Sasa turudi kwenye ute na bamia. Goti la mtu mzima linalouma akipanda ngazi, linalokakamaa dakika chache asubuhi kisha likalegea, linalosaga unapolikunja, mara nyingi ni uchakavu wa kiungo. Gegedu imepungua, mfupa umebadilika, misuli ya paja imedhoofu. Utelezi wa bamia ni wanga wa mmea. Ukishaliwa unaishia tumboni na utumbo. Hakuna njia ya kuupeleka gotini ukiwa ute. Bamia ni mboga nzuri, ile kwa raha zako, ila usiiache ikucheleweshe kupata tiba yenye ushahidi. Tiba hiyo ni mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito. Kila kilo moja unayopunguza hupunguza takriban kilo 4 za mzigo juu ya goti kwa kila hatua. Anayepunguza kilo 5 analipunguzia goti kilo 20 kila anapokanyaga, na vidonge vya dukani haviwezi kufanya hivyo. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kujishika, kaa tena polepole. Anza na mara chache, ongeza kila wiki. Goti la namna hii likipumzishwa miezi linazidi kudhoofika, kinyume kabisa na bursa iliyowaka.

Jongo, au gauti kama inavyoitwa zaidi mjini, huja usiku na kwa kishindo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kiasi kwamba hata shuka likigusa unalia. Ni chembe za asidi ya yuriki. Bia, nyama nyekundu, maini, dagaa na soda huchangia, lakini urithi na figo huchangia sana pia, kwa hiyo tuache kumcheka mgonjwa kwamba amezidisha nyama choma. Baadhi ya dawa za presha za kukojosha hupandisha asidi hiyo. Zungumza na daktari, usiziache mwenyewe. Kipimo cha damu kinaweza kuonesha kiwango cha kawaida siku ya shambulio lenyewe, basi kirudiwe wiki chache baadaye.

Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, vikakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa au saa nzima, kwa wiki kadhaa, shuku baridi yabisi halisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake. Hii ina dawa za kuizuia, kama methotreksati, na kila mwezi unaopotea kwa kumeza vidonge vya maumivu tu ni mwezi wa viungo kuharibika. Na anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, akawa na homa inayokuja na kuondoka pamoja na viungo kuuma, aulizie kuhusu bruselosisi.

Halafu kuna homa za mbu. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, na viungo vinaweza kuuma miezi baada ya homa kuisha. Dengue imelipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Zote mbili huletwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua. Hapa ile diklofenaki ya dukani inageuka hatari: mwenye dengue akimeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Ukiwa na homa na viungo vinauma ghafla, hasa msimu wa mvua, tumia parasetamoli peke yake, kunywa maji kwa wingi, kapime malaria na dengue.

Vidonge na sindano za mtaani

Diklofenaki ni dawa nzuri ikitumika kwa siku chache na mtu anayefaa. Ikimezwa miezi mfululizo huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo, hupandisha presha na kuongeza hatari ya moyo. Mjamzito wa wiki 20 na kuendelea asiitumie bila daktari, wala mwenye figo dhaifu au aliyewahi kutapika damu. Kuichanganya na ibuprofeni hakuongezi nafuu, kunaongeza madhara. Nina wasiwasi zaidi na prednisoloni na deksamethasoni, ambazo ni steroidi, zinazotolewa bila cheti. Hizo huleta nafuu ya haraka inayofurahisha, kisha uso unajaa, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na maambukizi yanafichwa mpaka yamekomaa. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla, aende apunguziwe kwa utaratibu. Na unga wowote wa "mitishamba" usio na lebo, unaoondoa kila aina ya maumivu kwa usiku mmoja, utilie shaka: steroidi zilizochanganywa kwa siri zimekutwa kwenye dawa za namna hiyo katika nchi mbalimbali.

Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ikihitajika kwenda hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala, na kwa matatizo makubwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Uliza waziwazi kuhusu mtaalamu wa fiziotherapia, maana asipotajwa huenda ukaondoka na vidonge tu. Mweleze kazi yako, lini maumivu yalianza, yanazidi wakati gani, na majina ya dawa zote ulizomeza, pamoja na za kienyeji. Usizifiche, anazihitaji ili asikupe kitu kitakachogongana nazo.

Ili isirudi

Mafundi vigae wavae vigodoro vya magoti, na kama havipatikani, kipande cha godoro kuukuu kilichofungwa kwa mpira hufanya kazi ileile. Kila nusu saa wasimame wanyooshe miguu. Nyumba ya kupigwa deki inunuliwe mopu yenye mpini mrefu, na mwajiri ndiye anunue, kwa sababu magoti yanayochakaa ni ya binti wa watu. Fundi rangi aongeze kimo cha jukwaa ili mkono usizidi usawa wa bega muda wote. Anayekuna nazi kwa mbuzi aweke mto, abadilishe mkao. Wanaoswali juu ya sakafu ngumu waongeze mkeka mnene, na mgonjwa ambaye goti haliruhusu ana ruhusa ya dini ya kuswali amekaa. Wanaokimbia na vikundi vya jogging wikiendi wasiruke kutoka kukaa ofisini wiki nzima hadi kilomita 10 Jumamosi. Mchanga mgumu wa Coco Beach maji yakiwa yamekupwa ni mahali pazuri pa kuanza kwa kutembea.

Aliyepona bursitisi arudi kazini kwa hatua: wiki ya kwanza nusu ya muda wa kupiga magoti, ya pili aongeze, na uvimbe ukianza tena arudi nyuma hatua moja badala ya kumeza kidonge ili aendelee.